Simu Iliyozimika Siku ya Kimbunga

MASWALI NA MAJIBU YA WASOMAJI

Swali: Ndugu Mhariri, mwanangu wa pili anasoma Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Julai 8, 2024, siku moja baada ya Sabasaba, Kimbunga Beryl kilipowapiga, aliniandikia kwamba yeye na wenzake watatu wameamua kubaki ndani ya nyumba waliyopanga. Jioni ya huku alituma maneno mawili tu, “Tuko salama,” kisha simu yake ikazimika kwa siku mbili nzima. Mimi hapa Nyegezi, Mwanza, sikula wala sikulala. Baba yake mdogo aliyeko Sengerema alipiga, shangazi yake wa Geita alipiga, na mimi nilipiga mpaka sauti ya yule dada wa “namba unayopiga haipatikani” ikawa inalia masikioni mwangu hata simu ikiwa mezani. Alipopatikana, badala ya kutupa pole alitulaumu kwamba sisi ndio tuliomaliza chaji yake. Msimu wa vimbunga umerudi tena. Je, walifanya busara kubaki nyumbani? Na mzazi aliyeko Mwanza afanye nini ili presha isimmalize kabla ya kimbunga chenyewe kufika?

Mama wa watoto wanne, Nyegezi

Jibu: Mama, pole kwa siku zile mbili. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, kwa hiyo swali lako limekuja wakati wake.

Kuhusu kubaki nyumbani, jibu hutegemea maji kuliko upepo. Kimbunga kinapokaribia pwani husukuma bahari ikapanda nchi kavu, na amri za kuhama hutolewa hasa kwa wakazi wa maeneo ambayo maji hayo yanaweza kuyafikia. Katikati ya jiji la Houston ni kilomita zipatazo 80 kutoka Galveston, uliko ufuo wa bahari, na ndiyo maana mkazi wa Galveston anaweza kuamriwa kuondoka wakati mkazi wa Houston anaambiwa ajifungie ndani na kusubiri. Watu wa huko wana sababu chungu ya kutokimbia ovyo. Septemba 2005, wiki chache tu baada ya Kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans, zaidi ya watu milioni 2 walitoka Houston na maeneo ya jirani kwa wakati mmoja kukikimbia Kimbunga Rita; foleni zikasimama juani kwa saa nyingi, watu wakafa kwa joto ndani ya magari, na basi lililokuwa limebeba wazee likashika moto karibu na Dallas na kuua watu 23. Rita chenyewe kikapinda, kikaenda kupiga mpakani mwa Texas na Louisiana.

Hata hivyo, isichukuliwe kwamba kubaki ni salama wakati wote. Mwaka 2017 Kimbunga Harvey kilipopoteza nguvu ya upepo kilikaa juu ya eneo hilo kwa siku kadhaa kikimwaga mvua, na mashariki ya Houston zipo sehemu zilizopata zaidi ya milimita 1,500, ambazo ni nyingi kuliko mvua ambayo Mwanza hupata katika mwaka mzima wa kawaida. Kwa hiyo muulize mwanao mambo mawili ambayo nadhani hakuwahi kukueleza: nyumba wanayokaa ipo katika eneo linalofurika au hapana, na chumba chao kipo ghorofa ya ngapi. Akishindwa kujibu la kwanza, basi hilo ndilo la kugombana naye, wala si la chaji.

Tukija kwenye chaji, Mama, uniwie radhi, kijana alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Beryl kilitua pwani ya Texas kama saa kumi alfajiri ya huko, yaani saa sita mchana ya kwetu, na kabla siku hiyo haijaisha wateja zaidi ya milioni 2 walikuwa hawana umeme, wengine wakakaa hivyo kwa siku nyingi. Simu yenye asilimia 60 za chaji katika nyumba isiyo na umeme ni akiba ambayo haiongezeki. Kila simu inayoita huwasha kioo, kila ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Geita huipunguza, na simu yenyewe inapohangaika kutafuta mtandao dhaifu hula chaji upesi zaidi kuliko siku ya kawaida. Isitoshe, minara ya simu nayo hutegemea umeme. Ukikatika, mingi huendelea kwa betri au jenereta kwa muda, kisha nayo hunyamaza. Ndiyo sababu mtu anaweza kukuandikia “tuko salama” upepo ukiwa ndiyo kwanza umepita, kisha akapotea hewani siku inayofuata wakati anga ni jeupe na yeye amekaa barazani anakunywa chai. Huku kwetu tunasoma kimya hicho kama msiba. Mara nyingi ni betri.

Ninachokushauri ni kwamba ukoo mzima uteue mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na asiwe lazima wewe mama mzazi. Awe yule asiyetetemeka. Kijana atume ujumbe mfupi wa maandishi kwa mtu huyo peke yake, mara mbili kwa siku, kwa saa mlizokubaliana kabla, na akikumbuka kwamba Houston ipo nyuma yetu kwa saa 8 katika miezi hiyo. Ujumbe wa kawaida wa maandishi hupenya pale ambapo simu ya kuzungumza inakataa, kwa kuwa unahitaji nafasi ndogo sana ya mtandao. Baada ya kutuma, azime simu kabisa. Huyo mmoja ndiye awaarifu Sengerema, Geita na Nyegezi, na wote wengine waahidi kutopiga. Nakiri kwamba kumzuia shangazi asipige simu ni kazi kubwa kuliko kukizuia kimbunga, lakini jaribu. Vilevile uwe na namba ya mmoja wa wale wenzake watatu, tena ikiwezekana aliye kwenye mtandao tofauti wa simu, maana nilivyokuelewa, kwa siku mbili zile mlikuwa mnaipigia namba moja tu iliyokwisha kuzima.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Wewe ulikuwa unamjulia hali mwanao. Je, yeye alimjulia hali nani? Baada ya Beryl lilifuata joto kali, watu wakiwa hawana viyoyozi wala mafeni, na miongoni mwa waliopoteza maisha walikuwemo waliouawa na joto hilo ndani ya nyumba zao, upepo ukiwa umekwisha kupita. Mzee anayeishi peke yake mlango wa tatu hana wa kumpigia, na hata angekuwa naye, simu yake nayo imezima. Vijana wanne wenye miguu mizima wanaweza kubisha hodi, kumpelekea maji ya kunywa, na kumtazama usoni kama anazungumza sawasawa. Ila wasitoke pale upepo unapotulia ghafla katikati ya dhoruba na anga kufunguka, kwa sababu huenda hilo ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili wakiwa katikati ya barabara.

Swali: Mhariri, mwaka 2024 tulisikia redioni habari za Kimbunga Hidaya huko Mafia. Sisi tunaovua dagaa hutoka jioni na kurudi asubuhi. Kimbunga kama hicho kinaweza kufika Ziwa Victoria? Na dhoruba ikitukuta ndani, wake zetu watajuaje kama tuko hai?

Mvuvi, mwalo wa Igombe

Jibu: Kimbunga chenyewe, hapana. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari pana yenye maji ya joto, na huhitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha ili upepo uanze kuzunguka. Msukumo huo ni hafifu mno karibu na ikweta, nasi Mwanza tupo nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Pwani yetu imewahi kupigwa, kwa kuwa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1952 kingine kikaipiga Lindi. Hidaya nacho, mwanzoni mwa Mei 2024, kilifanya safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zisitishwe. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800 za nchi kavu, na kimbunga kikikosa bahari hufa njaa.

Ziwa, hata hivyo, lina dhoruba zake, tena zinaijua ratiba yenu kuliko mnavyoijua wenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hugeuka, na kutoka pande zote, Mara, Mwanza, Kagera, Uganda na Kenya, hewa hukutana katikati ya ziwa, ikikosa pa kwenda hupanda juu, na huko ndiko mawingu ya radi yanakojengeka. Ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani hupiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo ninyi mmewasha taa zenu na kusubiri dagaa wakusanyike. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri maalumu wa Ziwa Victoria. Usikilizwe kabla mtumbwi haujasukumwa majini, siyo baada ya wingu kuonekana.

Kuhusu wake zenu, nimewahi kusimama mwaloni asubuhi ya dhoruba na kuona namna wanavyohesabu. Mama mmoja aliyekuwa amefunga khanga kichwani kwa sababu ya baridi alikuwa anahesabu mitumbwi kwa vidole, akifika wa saba anaanza upya, kwa sababu wa nane haukuwepo. Hakuna aliyejua kama huo wa nane ulitoka usiku ule au ulilala Ukerewe. Ninachowaomba ni daftari moja kwa katibu wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, au kwa mama lishe aliye karibu na maji, ambamo kila mtumbwi unaotoka uandikwe: majina ya waliomo, saa ya kutoka, upande wanakoelekea, na saa ya kutarajiwa kurudi. Mkilazimika kukimbilia kisiwani, yule mwenye simu iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni atume neno moja kwa mwenye daftari. Na kila aliyemo awe amevaa jaketi la kuokolea maisha, maana niliyaona siku ile ile yakiwa yamekaliwa kama mito.

Swali: Mvua ya usiku ikichanganyika na upepo, umeme hukatika nasi huingiza jiko la mkaa chumbani, tukapika na kuota moto huku tukisubiri itulie. Rafiki yangu aliamka akiwa na kichwa kizito na kutapika. Je, ni malaria?

Mwanafunzi, Malimbe

Jibu: Malaria ipimwe hospitalini, lakini mimi ningelishuku jiko kwanza. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Baada ya Beryl watu wa Houston walidhurika kwa gesi hiyo hiyo, wao ikitoka kwenye jenereta zilizowashwa ndani au jirani na madirisha. Jiko libaki nje chini ya paa la baraza hata kama ubwabwa utachelewa, na jenereta ya mwenye nyumba isogezwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha yenu. Mkimkuta mwenzenu amelegea chumbani, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, au mtafute usafiri wa kumpeleka hospitali usiku huo huo, mvua inyeshe isinyeshe.