Mwalimu kugombea kamati ya shule: maswali yenu kutoka Tanga

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: uchaguzi wa kamati za shule, hasa pale mgombea anapokuwa mwalimu.

Nafundisha Pongwe lakini mwanangu anasoma Makorora. Wazazi wa huko wananisukuma nigombee. Inafaa? (Mwalimu, Pongwe)

Mwalimu wangu, pale Makorora wewe ni mzazi kama muuza samaki na dereva wa bajaji mliokutana siku ya kuandikisha watoto darasa la kwanza. Kiti hiki si udiwani. Wanaokuchagua ni wazazi wenzako. Ila mwarifu mapema mwalimu mkuu wako, maana vikao vingine vitaangukia saa za kazi, kisha umwone Afisa Elimu Kata akueleze utaratibu wa uchaguzi. Na nakusihi: siku ukiomba uhamisho kwenda kufundisha shule hiyohiyo, achia kiti. Huwezi kumhoji leo kuhusu fedha mtu ambaye kesho atakuwa mkuu wako wa kazi.

Mwalimu akiingia kamati si atawalinda walimu wenziwe? (Mzazi, Mabawa)

Hofu yako ina msingi, kwa sababu wapo wanaokaa kimya ili wasiharibu urafiki. Lakini mwalimu ana kitu ambacho wengi wetu hatuna: anazijua hesabu za shule kwa ndani. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya shule moja, ikasomwa taarifa kwamba chaki za muhula zimenunuliwa, sote tukaitikia kwa vichwa. Mjumbe mmoja, mwalimu wa shule nyingine, akauliza ni maboksi mangapi na yamegawiwa madarasa mangapi. Chumba kikawa kimya. Kikao kilichofuata risiti zilikuwa mezani. Kwa hiyo usimkatae mgombea kwa sababu ya kazi yake. Mwulize mbele ya watu: mapato na matumizi utahakikisha yanasomwa kwenye mkutano wa wazazi, au yataishia ofisini?

Elimu ni bila malipo tangu 2016. Mbona bado tunadaiwa hela ya uji? (Mama lishe, Ngamiani)

Dada yangu, swali lako ndilo linaloniuma zaidi. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, na 6,000 za kupelekwa shuleni. Chukua shule ya watoto 800. Hizo 6,000 zinakuwa Sh 4,800,000 kwa mwaka, yaani Sh 400,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na uendeshaji. Uji haumo. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa mikononi mwa mzazi, pamoja na sare na madaftari.

Basi uji ni makubaliano yenu wazazi, na mchango wenyewe ni wa hiari. Wewe unajua bei ya unga na sukari kuliko mwenyekiti yeyote. Simama mkutanoni uhoji kwa nini kikombe kimefika bei mnayodaiwa. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Mgombea anayeshindwa kulitamka hili waziwazi, awe mwalimu au nani, mimi kura yangu simpi. Hata kumwacha mtoto huyo akae pembeni akitazama wenzake wakinywa ni kumfukuza kwa njia nyingine. Mtakapopanga mchango, pangeni siku hiyohiyo na vikombe vya wasio nacho.

Kamati na bodi ni kitu kimoja? (Msomaji, Chumbageni)

Hapana. Kamati ni ya shule ya msingi, bodi ni ya sekondari. Na kwenye kamati mwalimu mkuu ni katibu, si mwenyekiti.

Sisi wavuvi wa dagaa mikutano inatupita. Tutachaguaje? (Mvuvi, Chongoleani)

Kaka, usiku wa giza mko baharini na mchana mmelala. Hilo si uzembe. Mwendeeni mwenyekiti wa kamati iliyopo, mumwombe mkutano wa uchaguzi uwekwe wakati wa mbalamwezi, mashua zikiwa pwani, tena baada ya swala ya alasiri. Nendeni wiki hii, kabla tangazo halijabandikwa.