Kutoka saiti ya mkandarasi hadi jalada la serikali: ushauri kwa wahandisi wanaoanza utumishi wa umma

Nilifanya kazi kwa makandarasi kwa miaka minane kabla ya kuajiriwa na halmashauri moja ya wilaya, hapa Tanzania Bara, mwaka 2014. Tangu wakati huo nimewapokea wahandisi kadhaa waliotoka nilikotoka mimi, na nimeona wakijikwaa pale pale nilipojikwaa. Ninawaandikia ninyi mliopata barua za kupangiwa vituo baada ya miaka ya kuhangaika na zabuni, mafundi na madai ya malipo, kwa sababu lipo jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu mwingine. Kwa mkandarasi, kazi ni kile kinachosimama saiti. Serikalini, kazi ni kile kinachosimama saiti pamoja na maandishi yanayoonyesha ni nani aliamua kisimame hivyo, kwa mamlaka gani na kwa fedha za kifungu kipi.

Kwenye kampuni, uamuzi huenda kwa simu. Nyapara anakueleza kwamba kokoto zimeisha, unampigia mwenye kampuni, anakwambia chukua kwa jirani tutamlipa Ijumaa, na kabla ya saa nane zege inamwagwa. Hiyo si kasoro. Fedha ni za mwenye kampuni, hasara ni yake, na haki ya kuamua kwa neno la mdomo ni yake pia. Ukiingia utumishi wa umma, fedha si zako wala si za mkurugenzi, na ndiyo maana neno la mdomo linapoteza nguvu, hata likiwa sahihi kitaalamu.

Wakati ninaingia, barabara za wilaya zilikuwa bado chini ya halmashauri, kwani TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilianza mwezi Julai 2017. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa usimamizi wa barabara ya vumbi yenye makaravati kadhaa. Mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, nilifika mahali ambapo mchoro ulionyesha mstari mmoja wa mabomba ya milimita 600. Wazee wa kijiji walinipeleka hadi kwenye mwembe ulio kando ya korongo, wakanionyesha mstari wa tope lililokaukia kwenye shina, karibu usawa wa kifua changu. Maji ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamefika pale. Hapakuhitajika hesabu ndefu kujua kwamba bomba lile lingezidiwa. Nilimgeukia mkandarasi, kijana aliyekuwa na kampuni ndogo, nikamwambia aweke mistari miwili ya mabomba ya milimita 900, na nikaongeza maneno ambayo nimeyajutia mara nyingi: «Makaratasi tutayarekebisha baadaye.»

Aliniamini kwa sababu nilizungumza kama mtu wa saiti mwenzake. Alikopa, akanunua mabomba, akafukia na kushindilia vizuri, na karavati lile halikusogea mvua zote. Alipoleta hati ya madai, mkaguzi wa ndani alifungua mkataba akakuta 600, akaangalia jalada akakosa barua yoyote ya mabadiliko, akaandika kwamba kazi iliyodaiwa si ile iliyoagizwa. Alikuwa sahihi. Niliandika maelezo, lakini kuomba idhini ya jambo ambalo limeshafanyika ni sawa na kuiomba bodi ya zabuni iseme kwamba ilikuwapo mahali ambapo haikuwapo. Ombi lilikataliwa, mwaka wa fedha ukafungwa tarehe 30 Juni, na yule kijana akalipwa kwa bei ya bomba moja dogo. Aliuza mashine yake ya kuchanganyia zege ili kulipa deni la dukani. Mimi nilipewa barua ya kutakiwa kutoa maelezo, mshahara wangu ukaendelea kuingia kila mwezi. Nilikuwa nimewalaumu watumishi kwa miaka minane kwamba wanachelewesha haki za makandarasi, na mara ya kwanza nilipokaa kwenye kiti chao nilimdhulumu mkandarasi kwa haraka yangu.

Baada ya hapo nilikwenda masjala, chumba yanakotunzwa majalada ya ofisi. Nawashauri nendeni huko wiki ya kwanza, kabla hamjaomba gari la kwenda saiti. Katika ofisi yetu palikuwa na mama mmoja mtunza kumbukumbu aliyekaribia kustaafu, na ndiye aliyenifundisha kusoma jalada. Upande mmoja kuna barua, kila moja imepewa namba ya folio kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu. Upande wa pili kuna madokezo, aya zikiwa na namba, kila afisa akijibu chini ya aliyemtangulia. Nilipomuuliza kwa nini mradi fulani ulisimama, hakunisimulia chochote. Aliniwekea jalada mezani akasema, «Mwanangu, anza folio ya kwanza.» Ilinichukua asubuhi nzima, na nilipomaliza nilijua kuhusu mradi ule kuliko wenzangu waliokuwapo ulipoanza. Siku hizi ofisi nyingi zinatumia majalada ya kielektroniki, na zabuni zinapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, lakini mantiki ni ile ile: mtu ambaye hakuwapo aweze kusoma na kuelewa.

Jifunzeni kuandika dokezo. Wahandisi wengi wanaotoka kampuni binafsi hudharau kazi hii, wakidhani ni ya makarani. Dokezo zuri la kihandisi halizidi ukurasa mmoja: linaeleza mkataba unasema nini na uko folio ya ngapi, nini kimeonekana saiti na tarehe gani, madhara ya kuacha kama ilivyo, gharama ya kubadili na kama fedha za tahadhari zilizomo kwenye mkataba zinatosha, kisha linapendekeza hatua moja iliyo wazi. Msimpelekee mkuu wa idara machaguo matatu mkimwachia mzigo wa kitaalamu ambao ni wenu; semeni mnachopendekeza, muweke saini, ndipo muandike «Naomba kuwasilisha». Na mkishaandika, lifuateni. Dokezo linaweza kulala mezani wiki mbili kwa sababu tu mwenye meza yuko semina, na hakuna kanuni inayokukataza kwenda kuuliza kwa adabu ni nani anakaimu.

Kalenda nayo itawasumbua. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na mahitaji ya mwaka unaofuata hukusanywa miezi mingi kabla, wakati ambapo akili zenu zote ziko kwenye kazi za mwaka huu. Hitaji lisiloingia kwenye makadirio wakati huo litasubiri mwaka mwingine, hata kama daraja limepasuka mbele ya macho yenu. Kwa hiyo kila mnapozunguka saiti, andikeni kwenye daftari kasoro mnazoziona pamoja na vipimo vyake, ili msimu wa bajeti uwakute na takwimu mkononi.

Kuhusu maslahi nitasema machache. Mtu mwenye miaka kumi ya uzoefu binafsi anaweza kuanzia Daraja la II pamoja na vijana waliomaliza chuo juzi, na inauma. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taarifa zenu zinaingizwa kwenye mfumo, kwa hiyo njoni na akiba. Michango yenu ya pensheni itahama kutoka NSSF, mfuko wa sekta binafsi, ambako mwajiriwa huchangia asilimia 10 na mwajiri asilimia 10, kwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ambako mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Hifadhini kumbukumbu zote za michango ya zamani na muulize mapema jinsi vipindi viwili vinavyounganishwa, kwa sababu kufuatilia hati ya mwajiri aliyekwisha kufunga kampuni baada ya miaka ishirini ni mateso. Muda wa majaribio ni miezi 12. Ukikaribia kwisha, mkumbusheni Afisa Utumishi kwa maandishi kuhusu kuthibitishwa kazini.

Jambo linalohitaji ujasiri zaidi ni marafiki. Wale mliokula nao ugali saiti, mliokopeshana nao vibarua na mashine, wataendelea kuomba zabuni, na sasa ninyi mtakuwa ndani. Wengi hawatakuja na bahasha. Watakuja na swali dogo tu: makadirio ya mhandisi ni kiasi gani, au nani yuko kwenye kamati ya tathmini. Swali hilo ni kubwa kuliko bahasha, kwa sababu linaulizwa kwa upole na linajibika kwa sentensi moja. Nilimjibu rafiki yangu wa miaka mingi kwamba siwezi, na tukakaa karibu mwaka mzima bila kupigiana simu. Sikujua maneno laini zaidi, na bado siamini kwamba yapo. Ukiteuliwa kwenye kamati ya tathmini na jina la kampuni uliyoifanyia kazi likatokea, tamka maslahi yako kwa maandishi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa zabuni, na uombe kuondolewa. Ukiwa na hisa kwenye kampuni ya ujenzi, liseme hilo kwa mwajiri wako siku ya kuripoti, usisubiri liulizwe.

Pamoja na hayo, msiingie kwa unyonge. Mnaleta kitu ambacho ofisi nyingi zinakikosa: mnajua gharama halisi. Mnajua mfuko wa saruji unatoa tofali ngapi na fundi mwaminifu hutoa ngapi, mnajua mahali mkandarasi anapoficha faida na mahali anapoumia kweli. Makadirio yanayoandaliwa na mtu asiyewahi kulipa vibarua huwa ama ya chini mno, kazi ikatelekezwa, ama ya juu mno, fedha ya umma ikapotea. Ujuzi huu una thamani kubwa zaidi kwenye miradi ya fosi akaunti, ambako kamati ya shule au ya kituo cha afya inanunua vifaa yenyewe na mafundi wa kijijini wanajenga. Nimewahi kufika kwenye darasa linalojengwa nikakuta fundi ameandaa lenta kwa nondo za milimita 10 wakati mchoro unasema 12, na mjumbe wa kamati, mama aliyekuwa akihesabu kila mfuko wa saruji kwenye daftari la shule, hakuwa na namna ya kulitambua hilo. Nilimpa vipande viwili vya nondo avishike mkononi, kimoja baada ya kingine. Kuanzia siku hiyo alipima kila nondo iliyoshushwa, na aliandika kipimo kando ya idadi.

Yule mkandarasi kijana sikuweza kumrudishia kitu. Nilichoweza ni kubadili namna yangu ya kufanya kazi. Katika kituo changu cha pili lilitokea korongo la aina ile ile, mchoro ukionyesha 600 na alama za maji zikidai zaidi. Nilimwomba mkandarasi asimamishe sehemu ile tu na kuendelea na nyingine, nikaandika dokezo usiku ule, likapita kwa mkuu wa idara, kitengo cha ununuzi na bodi ya zabuni, na maelekezo ya maandishi yakamfikia baada ya siku kumi na moja. Alilalamika kuhusu siku hizo, na alikuwa na haki ya kulalamika. Alilipwa yote.

Nilihamishwa baadaye. Mwaka jana mhandisi mpya wa eneo lile alinipigia, akaniamkia, akaniuliza kwa nini pale kuna mistari miwili ya 900 wakati mchoro wa mkataba unaonyesha mmoja wa 600, kwani wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Nilimwomba afungue jalada la mradi, folio ya 37. Nilisikia akifunua kurasa, kisha akanyamaza akisoma, kisha akasema, «Nimeiona, kaka. Ipo yote hapa.»