Waulize Wataalamu: Lisozaimu yagonga ukuta

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi wanafunzi wa maabara hapa Tudor tulichanganya ute wa yai na E. coli, tukitarajia lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye ute huo, iwapasue bakteria na neli ing'ae. Kumbe ukungu ulizidi. Tumekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Ukungu ulioongezeka huenda haukutokana na bakteria. Ute wa yai ukitiwa maji matupu, protini zake nyingine, hasa ovomusini, huganda. Uzungusheni kwanza kwenye mashine ya kutenganisha, mchukue maji ya juu. Afadhali zaidi tumieni lisozaimu iliyosafishwa.

Kosa kubwa liko kwa E. coli mwenyewe. Lisozaimu hukata minyororo ya peptidoglikani, yaani kitu kinachojenga ukuta wa bakteria, na kwa bakteria huyu peptidoglikani imefichwa nyuma ya utando wa nje. Utando huo umejaa lipopolisakaridi (molekuli za mafuta na sukari) zenye fosfati za chaji hasi, ambazo zingesukumana kama magnesiamu na kalsiamu zisingezishika, mfano wa chokaa kati ya mawe ya nyumba za Mji wa Kale. Lisozaimu ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa hadi hapo na kunata. Kupita ndiko kunakoishinda.

Ondoeni hiyo chokaa. Chukueni bakteria wanaoendelea kukua (waliokwisha komaa ni wagumu), muwaoshe mara mbili ili chumvi ya mchuzi wa kuoteshea itoke, kisha muwatie kwenye bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya Tris ya milimola 10, pH 8. Tangulizeni EDTA, kemikali inayonyakua magnesiamu na kalsiamu, ya milimola 1, halafu lisozaimu mikrogramu 100 kwa mililita. Pimeni ukungu kwa mwanga wa nanomita 600 kila dakika mbili. Wekeni neli nne: bakteria peke yao, wenye EDTA tu, wenye lisozaimu tu, na wenye vyote viwili. Bila hizo tatu za kulinganishia, matokeo yenu hayana maana. Mchanganyiko ukianza kuvutika kama bamia, DNA imemwagika. Hiyo ni dalili njema. Msitie sukari nyingi: bakteria watageuka mviringo bila kupasuka, nanyi mtadhani jaribio limefeli tena.

Mwilini hakuna EDTA. Kwenye machozi kazi hiyo husaidiwa na laktoferini, protini ambayo hulegeza utando wa nje. Wala msijaribu bakteria Staphylococcus aureus mkidhani ni rahisi kwa kuwa hana utando wa nje: yeye hubandika asetili (kipande kidogo cha kemikali) kwenye peptidoglikani yake, lisozaimu ikakosa pa kukata.

SWALI: Hapa Likoni watu huosha vidonda kwa maji ya bahari. Je, chumvi huisaidia kinga ya mwili?

JIBU: La. Peptaidi (protini fupi) za kinga kama difensini hufuata chaji hasi ya bakteria, na chumvi nyingi huziba mvuto huo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji ya chumvi ya hospitali ni gramu 9. Tena bahari yenye joto huweza kuwa na bakteria Vibrio vulnificus, anayeweza kuozesha nyama kwa haraka. Tumieni maji safi yanayotiririka na sabuni. Wekundu ukienea au homa ikipanda, nendeni kliniki siku hiyo hiyo.