Ukiangalia Mechi ya Tanzania na Kenya Pamoja na Shemeji Yako

Tarehe 27 Juni 2019, saa tano usiku, nilikuwa kwenye banda la mpira Kirumba, Mwanza, bega kwa bega na shemeji yangu. Ni mtu wa Migori, Kenya, amemwoa dada yangu, na miaka ile alikuwa akichukua dagaa soko la samaki la Mwaloni na kuwapeleka kwao kupitia mpaka wa Sirari. Banda zima Mkenya alikuwa yeye peke yake.

Ilikuwa AFCON ya Misri, na Taifa Stars hatukuwa tumefika huko tangu 1980. Mechi ya kwanza sisi tulifungwa 2-0 na Senegal, wao 2-0 na Algeria. Kwa hiyo usiku ule kila mmoja alijua anachopigania.

Dakika ya 6 Samatta akapiga, kipa Matasi akautema, Msuva akamalizia. Tuliruka mpaka mabenchi yakapinduka. Dakika ya 39 Olunga akasawazisha kwa tikitaka, bao zuri, nilikiri hata wakati ule. Hatujakaa vizuri, Samatta akatupa la pili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama mbele ya shemeji, nikamnyooshea kidole, nikasema kwao mpira hawaujui na hata mahari ya dada yangu waliitoa kwa kusuasua. Watu wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu tu, macho kwenye runinga.

Kipindi cha pili Omolo akafunga kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. 3-2. Shemeji hakushangilia. Alisimama, akasema, "Usiku mwema, shem," akaondoka.

Ilipita miezi miwili hajakanyaga nyumbani kwa mama. Dada ndiye aliyenieleza: la mpira alishalisahau usiku uleule, lililomchoma ni la mahari, tena mbele ya watu asiowajua. Nilimchukua baba mdogo tukaenda kuomba radhi.

Ndiyo maana nakwambia, ndugu msomaji: tania timu, tania beki aliyelala, tania kocha. Ukoo, mahari, kabila na kazi ya mtu usiviguse. Sisi kando ya ziwa hili tumeoana na kuuziana samaki na watu wa Migori na Kisumu siku zote, na neno la bandani hufika jikoni kabla ya asubuhi.

Tena, mtani akiwa peke yake katikati yenu, wewe mwenyeji ndiye ngao yake. Timu yake ikifunga, mwache apige kelele, na akizomewa mtetee. Mimi nilipaswa kufanya hivyo, nikaongoza wazomeaji.

Dau la fedha na shemeji usiweke kabisa. Deni la mpira halidaiki vizuri mezani kwa mama mkwe.

Na kipenga cha mwisho kikilia mmefungwa, usikimbilie simu kuandika. Mpe mkono kwanza, mtoke wote, mtembee pamoja hadi barabarani. Hasira ya mechi hupungua njiani, ila ujumbe uliokwisha kutumwa hubaki.

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika hapa kwetu, Kenya na Uganda. Shemeji ameshaniuliza tutaangalia wapi. Nimemwambia banda lilelile la Kirumba, na aje na jezi yake.