Maji ya kisima Iowa: kuchemsha hakumlindi mtoto

SWALI: Tumehamia nyumba ya shambani hapa Iowa, Marekani, mahindi pande zote. Maji ni ya kisima kifupi cha zamani, ni maangavu na hayana harufu. Neema ana miezi miwili, anatumia maziwa ya kopo. Mama yake huchemsha maji kama tulivyofundishwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ila jirani katukataza kumpa. Kwa nini? – Baba Neema

JIBU: Ndugu yangu Baba Neema, jirani huyo amewatendea wema mkubwa. Kuanzia leo korogeni maziwa ya mtoto kwa maji ya chupa ya dukani, hata kabla kisima hakijapimwa.

Mama Neema hakukosea. Kule Kigoma adui ni vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na moto huviua. Hapa kuna adui mwingine, naitreti, itokayo kwenye mbolea ya mahindi, samadi ya nguruwe na mashimo ya maji taka. Mvua huizamisha ardhini hadi kwenye visima vifupi. Haina rangi, ladha wala harufu, na moto hauiondoi: maji yakipaa kama mvuke, yenyewe hubaki sufuriani. Lita 2 zenye miligramu 12 kwa lita, zikichemka zikabaki lita 1.5, sasa zina miligramu 16 kwa lita. Mnamchemshia mtoto sumu ikolee.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita naitreti hugeuka naitraiti, ikaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Daktari Hunter Comly wa Iowa City aliandika habari za watoto wa namna hii mwaka 1945, watoto wa mashambani waliokuwa wakinywa maji ya visima. Huambiwa "mtoto anakuwa wa bluu", lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu rangi hiyo hujificha. Mfunue mdomo, tazama fizi na ulimi, kisha chini ya kucha. Ukiona ukijivu au ubluu, au anahema kwa shida, piga 911 papo hapo na uwaambie habari za kisima.

Kisima cha nyumbani hakisimamiwi na sheria ya maji ya kunywa ya shirikisho ya 1974. Hakuna atakayekuja kukipima usipoita. Ila jimbo la Iowa hutoa fedha za kupima visima bure kupitia kaunti. Pigeni simu idara ya afya ya kaunti yenu, muombe kipimo cha naitreti na cha bakteria.

Majibu yakija, someni kipimo chenyewe kwa makini. Pakiandikwa NO3-N, yaani imehesabiwa naitrojeni tu iliyo ndani ya naitreti, kikomo ni miligramu 10 kwa lita. Pakiandikwa NO3 tupu, yaani naitreti nzima, kikomo ni 45. Mwenye 20 ya NO3-N akijilinganisha na 45 atalala usingizi huku mtoto yuko hatarini.

Msinunue jagi la kuchujia la mkaa kwa ajili hii, wala msitie klorini, haviondoi naitreti. Kinachofaa ni mtambo wa RO (reverse osmosis) wa chini ya sinki, unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba. Baada ya kuufunga, pimeni maji yake kabla ya kumpa Neema, na badilisheni vichujio kwa wakati. Kumwogesha kwa maji ya kisima hakuna shida, ilimradi asiyanywe. Na kama mama bado ana maziwa, amnyonyeshe: naitreti kidogo sana ndiyo hupita kwenye maziwa ya mama.

Rudieni kipimo Mei au Juni, baada ya mvua kubwa, hata kama cha kwanza kilikuwa kizuri.