Ukaguzi Uliokatizwa: Kosa la Kulikwepa Unapotua Tabora na Kigoma

Rubani anayesahau kushusha magurudumu anajua fika kwamba hushushwa. Ameanza orodha ya ukaguzi wa kabla ya kutua vizuri, kafika katikati, mnara wa kuongozea ndege ukamwita. Kajibu, karudi kwenye orodha, kaendelea na mstari aliodhani ndio unaofuata. Mstari mmoja umerukwa, na hana habari.

Kwa hiyo ukikatizwa, anza upya kutoka mstari wa kwanza. Usijaribu kukumbuka ulipoishia, maana kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo inayodanganya. Orodha ya ndege ndogo ni fupi. Imalize uwanja ukiwa ubavuni mwako, kabla hujaanza kushuka, kisha ukiwa fainali, yaani mwendo wa mwisho ukielekea njia ya kutua, urudie mambo machache tu: magurudumu, mchanganyiko wa mafuta na hewa, propela, mikanda.

Kila kitu kiguse kwa mkono na ukitaje kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Jicho lina tabia ya kuona lilichozoea kuona. Swichi ya tangi ishike uhakikishe iko kwenye tangi lenye mafuta ya kutosha. Taa za magurudumu zihesabu: tatu, zote kijani. Kanyaga breki ukiwa bado angani. Pedali ikizama bila ukinzani, ni heri ujue sasa.

Taa isipowaka, acha kushuka kwanza, panda kwenye kimo salama, ndipo uishughulikie. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Marekani la Eastern, safari namba 401, ilikuwa inakaribia Miami, na taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Balbu zilikuwa zimeungua. Marubani wote wakaikazia macho taa hiyo huku ndege ikishuka polepole bila wao kugundua, mpaka ikaanguka kwenye kinamasi. Walikufa watu 101. Mkiwa wawili, basi mmoja arushe ndege na asifanye lingine.

Abiria pia hukatiza. Huku Kigoma ziwa likishaonekana kila mtu anataka kuonyeshana kwao. Zungumza na abiria wako kabla ya kuruka: “Mzee wangu, tukianza kushuka sitaweza kukujibu mpaka tuegeshe.” Ataelewa.

Tabora ina jambo lake linalohitaji umakini zaidi. Uwanja uko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vipimo ni kama nyuzi 7. Mchana likifika 32, hewa huwa nyepesi: kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza takriban futi 120 za kimo, na ndege itajiona iko karibu futi 6,900. Ukishika noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipimo cha mwendo, mwendo wako halisi hewani ni kama noti 72, na mbio za ardhini hurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Ardhi itaonekana inakukimbilia, na mkono utataka kupunguza mwendo. Usiufuate. Amini kipimo.

Hapo hapo ndipo orodha inayosema “mchanganyiko: mwingi”, yaani mafuta mengi kwa hewa, inapohitaji akili. Injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), kwenye joto na kimo hicho, ikijazwa mafuta mengi kupita kiasi hukohoa na kukosa nguvu wakati unaihitaji kuliko wakati wowote. Soma kitabu cha ndege yako, urekebishe kulingana na kimo cha uwanja.

Kigoma shida ni unyevu. Kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, inaweza kuganda barafu hata siku ya joto, hasa nguvu ya injini ikipunguzwa. Vuta kitufe cha joto la kabureta chote kabla ya kupunguza nguvu. Usiku, ukija juu ya maji yasiyo na taa hata moja, utajiona uko juu kuliko ulivyo na utashuka mno. Linganisha altimita (kipimo cha kimo) na umbali, futi 300 juu ya uwanja kwa kila maili ya baharini iliyobaki. Altimita yenyewe iwe imewekwa kwa shinikizo la hewa ulilopewa: kosa la hektopaskali 10 (kizio cha shinikizo) ni karibu futi 300.

Ukifika futi 500 juu ya uwanja mwendo haujatulia, hujakaa kwenye mstari au ukaguzi haujaisha, ghairi kutua. Nguvu zote, joto la kabureta lirudishe ndani, pandisha pua, flapu za mabawa zipunguze kidogo kidogo kadiri kitabu kinavyoelekeza. Utauambia mnara ndege ikishaanza kupanda.