Kabla redio haijaila kaseti yako ya Thriller

Kama unachotaka ni muziki tu, usihangaike. Thriller ya Michael Jackson ipo kwenye simu, sauti safi, huhitaji bisibisi wala spiriti. Kaseti inafufuliwa kwa sababu nyingine. Nakala iliyozunguka Ligula, Mikindani au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, si sawasawa na albamu iliyotoka Marekani mwishoni mwa Novemba 1982. Albamu ina nyimbo 9, dakika 42 na sekunde kadhaa. Kaseti tupu ya kurekodia mara nyingi ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Upande A wa albamu unachukua kama dakika 20, upande B kama 22. Zinabaki dakika 10 huku na 8 kule, na aliyekuwa anarekodi hakupenda kuacha utepe mtupu: alijazia dansi, taarabu, au chochote kilichokuwa mezani siku hiyo. Mchanganyiko huo hauko popote mtandaoni. Ndio wa kuokoa.

Kabla ya kitu chochote, tazama mgongo wa kaseti. Kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje vyote kwa ncha ya kisu, ili kaseti isirekodiwe tena juu yake. Redio nyingi za zamani zina kitufe cha kurekodi jirani kabisa na cha kucheza, na kidole kikikosea sekunde chache tu, sauti ya zamani imefutika moja kwa moja.

Sasa ipeleke kaseti kwenye mwanga uchungulie kidirishani. Huku pwani, kaseti iliyokaa sandukuni miaka mingi hupata ukungu: unga mweupe kwenye kingo za utepe uliojiviringisha. Ukiuona, usiicheze. Unga huo utahamia kwenye hedi ya redio, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kila kaseti utakayoweka baadaye. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wiki moja au mbili. Usiianike juani wala kuiacha garini. Plastiki hupinda na utepe huvutika, na utepe uliovutika haurudi. Ikishakauka, vaa barakoa, toka nje, uufute unga kwa pamba kavu huku ukiuzungusha utepe polepole.

Kalamu ya Bic ndiyo kifaa cha kuzungushia, pembe zake zinakaa vizuri kwenye meno ya kaseti. Zungusha mpaka mwisho, kisha urudishe. Utepe uliokaa muda mrefu hushikana, na ukiuachia mota ya redio iuvute kwa nguvu hapo ndipo unapokatika au redio inapoula.

Halafu tazama katikati ya mdomo wa kaseti: kuna kipande kidogo cha sufi juu ya chuma chembamba. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huzeeka na kipande kikadondoka. Sauti inakuwa ya mbali, inakuja na kupotea, na watu wanadhani muziki umefutika. Muziki upo. Tafuta kaseti mbovu isiyo na thamani, ifungue, hamisha chuma na sufi yake. Kaseti zenye skrubu tano ndogo zinafunguka vizuri. Zile zilizogundishwa inabidi kuzibanjua taratibu pembeni, na hapo ni bora kuuhamishia utepe wote kwenye ganda jingine lenye skrubu. Unapofungua, laza kaseti chali, inua upande wa juu tu, na uipige picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Vigurudumu viwili vya pembeni hupenda kurukia chini ya kabati.

Utepe ukiwa umekatika, usitumie selotepu ya dukani. Gundi yake hutoka kwa joto na kuchafua hedi. Kuna utepe maalumu wa kuungia. Unganisha upande wa ndani, ule usiogusa hedi. Utapoteza sehemu ndogo tu ya sekunde.

Redio yenyewe isafishe kabla ya kila kaseti: hedi na kile kijiti cha chuma kinachouvuta utepe kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe kwenye kijiti hicho kisafishe kwa maji na sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira. Kisha sikiliza matoazi. Kama yamefifia, pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Igeuze robo mzunguko, huku na huku, mpaka yang'ae. Hii kazi mafundi redio wengi wanaijua, na kama mkono wako unatetemeka mwachie fundi.

Kurekodi kwenda kompyuta kunahitaji waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la hedifoni, na kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kupokea sauti kwa njia mbili (stereo). Tundu la kawaida la laptopu mara nyingi ni la maiki, linachukua njia moja tu na kukwaruza. Programu ya kurekodia sauti, Audacity, ni ya bure. Weka 44.1 kHz, biti 16, hifadhi kama WAV: kama MB 10 kwa dakika, kaseti nzima kama MB 600. Sauti ya juu kabisa isipite -6 dB kwenye kipimo cha programu. Tumia betri mpya kwenye redio na uchomoe chaja ya laptopu. Ule mvumo wa umeme unapotea, na umeme ukikatika katikati ya wimbo hupotezi kitu. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, na mikwaruzo iache kwenye faili la kwanza. Usafishaji ufanyie nakala.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: Michael anasikika na sauti nyembamba kuliko kawaida. Mashine iliyorekodi kaseti yako ilikuwa inakwenda polepole, sasa redio iliyo nzima inaikimbiza. Pima kwa Billie Jean, ambayo kwenye albamu ni dakika 4 na sekunde 54. Yako ikiisha kwa 4:40, inakimbia kwa asilimia 5. Rekebisha kasi kwenye nakala kwa kiasi hicho. Kwa maoni yangu faili la asili libaki linakimbia. Kuna watu mtaani hawajawahi kuusikia wimbo huo kwa kasi nyingine.

Kisha waite waliokuwepo enzi za kaseti hiyo. Shikamoo kwanza, halafu omba ruhusa ya kurekodi, kabla simu haijawashwa. Weka simu juu ya khanga iliyokunjwa, karibu na wasemaji kuliko spika, na izime mtandao isiite katikati. Cheza upande mmoja bila kuongea, kisha zima, ndipo uulize. Swali la “unakumbuka nini?” huleta kimya. Uliza vitu vinavyoshikika: redio ilikuwa ya nani, betri zilinunuliwa na nani, nani alimrekodishia mjomba kaseti hii, mwandiko huu kwenye jalada ni wa nani. Mwisho wa wimbo wa kwanza, pale panaporudiwa maneno yaliyotokana na wimbo wa mwanamuziki Manu Dibango wa Kamerun wa mwaka 1972, kila mtu ataimba. Acha simu irekodi. Ukitaka kumaliza ubishi wa mpangilio wa nyimbo, Beat It ndiyo inayofungua upande B. Kaseti yako ikisema vinginevyo, aliyerekodi aliupanga upya, na jina lake linaweza kupatikana hapo hapo kwenye mazungumzo.

Faili la muziki usilipandishe YouTube. Ni mali ya watu, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inahusika. Mazungumzo ya nyumbani ni yenu, gawaneni kwenye kundi la familia. WhatsApp hubana sauti, kwa hiyo yatume kama dokumenti, na jina la faili liwe na majina ya wasemaji, mahali na tarehe.